Sanduku la Marin

Wiki iliyopita, ndugu yangu, nilipiga kelele ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mtu aliyeona nyoka. Tulikuwa tunangoja wageni wa harusi kutoka Ariwara, na mjukuu wangu wa kike alikuja kunisaidia kusafisha chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa uani nachambua mboga ya lenga-lenga. Nilipoona kimya kimezidi, nikaingia, nikamkuta amepiga magoti mbele ya sanduku la chuma la marehemu baba yangu, kisu cha jikoni mkononi, anatafuta mahali pembamba pa kamba.

"Koko, hii kamba imeoza. Nikate?"

"Acha! Toa mukono!"

Alishtuka mpaka kisu kikamponyoka. Mimi pia nilishtuka. Mwanamke wa umri wangu, mzee wa kanisa, niliyewafundisha watoto wa watu upole miaka mingi, nimepayuka hivyo kwa ajili ya kamba! Nikamwomba radhi, nikaketi juu ya kitanda. Tangu siku hiyo mwili wangu uko hapa, lakini moyo umerudi kukaa katika nyumba yetu ya zamani ya Nyakasanza, ile ya matofali mabichi, yenye bati lililoanza kulia kabla mvua haijafika vizuri.

Baba alikuwa askari wa jeshi la majini. Katika mji wetu neno hilo lilitosha kuwachekesha watu, maana Bunia haina maji ya kubeba meli. Mto wetu mtoto anauvuka viatu vyake vikiwa mkononi. Kazi ya baba ilikuwa upande mwingine kabisa wa nchi, kule mto mkubwa unapoingia baharini. Akitaka kuja nyumbani alipanda garimoshi, kisha meli ya mto, kisha lori, na njia peke yake ilikula wiki nyingi za likizo yake. Mtaa mzima ulimwita Marin, yaani mwanamaji. Jirani yetu, mama aliyeuza mafuta ya mawese na mwenye ulimi mkali kuliko pilipili, akimwona amefika alisimama mlangoni kwake na kupaza sauti:

"Marin! Meli umeifunga wapi? Kule mutoni? Uangalie isiharibu nguo zangu, nimezianika pale!"

"Iko inakungoja, mama," baba alijibu. "Lakini weye ukipanda, itazama."

Likizo ya baba ilikuwa sikukuu yenye kazi. Alitufundisha kukunja nguo mpaka ziwe ndogo kama mkate. Alipika samaki mwenyewe, samaki wakavu wa Kasenyi, kule ziwani, kwa nyanya na mawese, na harufu yake iliita watoto wa nyumba tatu. Jua likikaribia kuzama alipiga filimbi, nasi tukapanga mstari mbele ya nyumba kuanzia mkubwa hadi mdogo. Aliita majina, kila mmoja akajibu "Présent!" Hata koko, yaani bibi yetu, mama yake aliyemzaa, aliitwa. Yeye alijibu akiwa amekaa pale pale kwenye kiti chake: "Niko hapa! Na haya magoti nitaenda wapi?" Tukishatimia, baba alishukuru Mungu kwa kila mmoja kwa jina lake, polepole, bila kuruka mtu, huku ugali ukipoa.

Lakini jambo lililofanya mtaa ushike vichwa lilikuwa la Jumamosi. Baba alitusuka nywele. Mama alikuwa na mimba, miguu yake ilikuwa imevimba, naye hakuweza kukaa muda mrefu. Basi baba akaketi kwenye kiti kifupi, akatuweka mmoja mmoja kati ya magoti yake, akatupaka mafuta ya kokwa za mchikichi na kutusuka mistari iliyonyooka kama mifereji ya shamba, ili Jumapili tuingie kanisani tukiwa safi. Mama wa mawese alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanaume anasuka! Kesho atanyonyesha!"

Baba hakuinua hata kichwa. "Kamba ya meli na nywele ya mutoto ni kitu moja," alisema. "Ukivuta sana, inakatika. Ukilegeza sana, muzigo unaanguka." Neno hilo nimelitumia kulea watoto wangu sita, na sijapata lingine la kulishinda.

Sasa nikwambie habari ya sanduku. Lilikuwa la chuma, la rangi ya kijani, na kufuli lake lilikwisha kuvunjika zamani, kwa hiyo baba alilifunga kwa kamba ya meli. Likiwa chini ya kitanda, tulicheka na kucheza. Likivutwa na kuwekwa karibu na mlango, nyumba nzima iliteremsha sauti. Tulijua siku tatu, siku nne, lori litapiga honi sokoni, na baba atakwenda kwa mwaka mzima au zaidi.

Katika likizo hiyo ya mimba, nilipokuwa na miaka minane, sanduku lilivutwa mlangoni nami nikakataa moyoni. Nilikuwa nimemsikia mama akisema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa kuzaa peke yake tena. Nilijua baba ana karatasi moja anayoitunza kuliko fedha, karatasi ya safari yenye mihuri, waliyoiita feuille de route. Kila kizuizi cha barabarani aliionyesha. Akili yangu ya kitoto ikaniambia: karatasi ndiyo inayomchukua baba, bila karatasi, hawezi kwenda. Nikaitoa mfukoni mwa koti lake mchana wa Alhamisi, nikaikunja ndogo kama alivyotufundisha, nikaiingiza chini ya kuku wa koko aliyekuwa analalia mayai jikoni. Kuku yule alimdonoa kila mtu isipokuwa koko na mimi niliyempa mahindi. Niliona nimeiweka mahali pasipo na mwizi.

Ijumaa asubuhi baba alianza kuitafuta. Alikung'uta magodoro, akamwaga kikapu cha nguo, akapekua hata gunia la maharage. Mama wa mawese alikuja kusaidia, na ushauri wake ulikuwa mfupi:

"Si ubaki tu, Marin? Kule ni mbali. Nani atakuja kukufata mpaka Nyakasanza?"

"Niliapa mbele ya Mungu, mama. Mutu hapana kula kiapo yake kama mukate."

Nilifurahi kimyakimya mpaka nilipomsikia koko jikoni akiongea na mama. Alisema, "Bila ile karatasi watamufunga. Watasema alitoroka. Kijana wa ndugu yangu walimufunga juu ya kitu kama hiyo, na alitoka kifungoni anakohoa damu." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na kibuyu cha maji. Nikiongea, baba atakwenda. Nikinyamaza, watamfunga. Jioni ile, jina langu lilipoitwa kwenye mstari, "Présent" yangu haikusikika, na baba akaniita mara ya pili.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya lori, mchana. Alfajiri baba aliketi kwenye kiti chake kifupi kama kawaida. Karatasi ilikuwa haijapatikana, lakini hakutaka tuingie kanisani na vichwa vya ovyo siku ambayo yeye hayupo. Nikakaa kati ya magoti yake. Vidole vyake vilikuwa vya upole kuliko siku zote. Alipofika katikati ya kichwa, machozi yalianza kunidondokea mapajani.

"Inauma?"

"Hapana, baba."

"Basi juu ya nini unalia?"

"Iko chini ya kuku."

Mikono yake ilisimama. Nilimsikia akivuta pumzi, akaitoa. Nilingoja kofi. Halafu vidole vikaanza tena. Alimaliza mstari ule, akafuata mwingine, na mwingine, mpaka kichwa kizima kikaisha, akafunga ncha ya mwisho kwa uzi mweusi. Hapo ndipo aliposimama, akaenda jikoni. Tulisikia kuku akipiga mayowe, na baba naye, mwanamaji aliyeona mawimbi ya bahari, akapiga yake. Alitoka mkono ukivuja damu, karatasi mkononi, imepakwa mavi ya kuku na ute wa yai lililopasuka, muhuri mmoja umegeuka wingu la buluu.

Koko alisema nichapwe. Baba alisema, "Mutoto aliyeiba baba yake si mwizi." Akaifuta karatasi kwa kitambaa chenye maji, akaianika juani, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilipokwisha kunawa uso akaniita, na sanduku lilikuwa limerudi chini ya kitanda, limefungwa kamba, na vitu vya safari viko kwenye mfuko wa turubai. Akanionyesha fundo.

"Mwanamaji hapana acha sanduku yake mahali hatarudi. Fundo hii nitaifungua mimi. Weye utalinda. Umesikia?"

"Nimesikia."

Lori likaondoka, sanduku likabaki. Ndugu yangu, sijawahi kupewa kazi kubwa kuliko ile. Nilifagia kulizunguka. Nilikataza wadogo zangu wasilikalie. Koko mwenyewe, mtoto akilikaribia, alimfokea: "Usiguse! Muzigo ya serikali!" Siku moja bati lilivuja, na mama wa mawese akaingia kusaidia kusogeza sanduku. Akalishika kwa mkono mmoja, akanitazama, kisha akashika kiuno na kuguna: "Eeh! Iko nzito kama dhambi!" Mama akajifungua salama, mtoto wa kiume. Nywele zangu zikaanza kulegea, na mimi nikakataa zisifumuliwe, kwa sababu ndizo zilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya baba. Wiki zikapita, kichwa changu kikawa kiota. Mwishowe koko alinishika kwa nguvu. "Na chawa nao," aliuliza, "wanamungoja Marin?"

Mahindi yalivunwa, yakapandwa, yakavunwa tena. Halafu adhuhuri moja filimbi ikalia njiani. Tulipanga mstari bila kuambiwa, na mtoto aliyezaliwa akabebwa mwishoni mwa mstari, na baba akasimama mbele yake akiwa hajui jina la kuita. Alirudi moja kwa moja, si kwa likizo. Mkubwa wake alikuwa ameuliza sababu ya uchafu ule juu ya karatasi ya serikali, naye akajibu, "Ni kuku, mkubwa." Yule mkubwa alicheka mpaka akavua kofia, kisha akataka kusikia habari yote, na aliposikia hakucheka tena. Baba alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya kupandishwa cheo. Badala ya shule aliomba kuachiliwa jeshini, na mkubwa akamsaidia. Kiapo chake kilivunjwa na mikono iliyokuwa na haki ya kukivunja.

Siku hiyo hiyo nilimvuta mpaka kitandani. Fundo lilikuwa kama alivyoliacha. Akalifungua kwa kidole kimoja, akainua kifuniko. Ndani hamkuwa na kitu. Hata kitambaa.

Nililia kwa hasira. Nikageuka kumtazama koko, mama, na mama wa mawese aliyekuwa amesimama mlangoni, na kwa nyuso zao nikajua kwamba wote walijua, tangu siku ya kwanza. Nyumba nzima, hata jirani mwenye ulimi ule, walikuwa wamebeba sanduku tupu pamoja nami miezi yote ile, na hakuna aliyeniangushia.

"Sanduku iko tupu," baba alisema, "lakini mimi niko hapa. Kati ya mbili unataka nini?"

Baada ya hapo baba alifanya kazi ya kufunga mizigo ya malori sokoni, ya kwenda Ariwara na ya kwenda Nizi. Madereva walisema mzigo wa Marin hauanguki mpaka lori lenyewe lianguke. Alisuka nywele za binti zake mpaka tulipoolewa, na za wajukuu mpaka vidole vilipoanza kutetemeka. Mimi nilisoma mambo ya imani kwa walimu wazuri, nikayafundisha. Ila watoto wa ubatizo waliponiuliza kutumaini ni kitu gani, kilichonijia kwanza kilikuwa lile sanduku, kabla ya maneno yote niliyosoma.

Asubuhi aliyopelekwa hospitali, mzee, mwembamba kama fimbo, aliomba sanduku lisogezwe. Akalifunga kamba. Ilimchukua muda mrefu, nami sikumsaidia. "Utalinda," aliniambia. "Nitafungua mimi." Tulitazamana. Wote wawili tulijua ndani hamna kitu. Nikajibu, "Nimesikia, baba."

Hakurudi katika nyumba ile. Nayo nyumba haipo tena. Ilibomoka, na mahali pake pamejengwa duka la simu. Mama wa mawese amelala, koko amelala, mama amelala. Filimbi ilipotea katika miaka ya vita, ya kukimbia na kurudi. Siku hizi mizigo ya pikipiki hufungwa kwa mpira, na jioni watoto hawaitwi kwa majina; kila mmoja anakula saa yake. Sinung'uniki. Mungu amenipa siku nyingi, na katika siku nyingi mambo mengi lazima yapite. Imebaki kamba, na fundo moja ambalo, kwa imani yangu, mwenyewe atakuja kulifungua.

Hayo yote sikumweleza mjukuu wangu siku ile. Nilimwambia tu kwamba sanduku ni la babu wa mama yake, kwamba lina mzigo wake, na lisifunguliwe. Akaweka kisu pembeni. Kisha akaliinamia ili alisogeze, afagie chini yake.

Nikamwona amesimama ghafla. Lilikuwa limeinuka kwa vidole viwili. Akanigeukia, akanitazama usoni.

Akapiga goti moja. Akalishika kwa mikono yote miwili, akaguna, na kulirudisha chini polepole, kama mtu anayetua kitu kizito.