Kombe la Sultani Mahmud

Harufu ya shaba iliyolowa hunirudisha hadi leo chumbani kwa Bibi, Mji wa Kale, msimu ule wa mvua homa ilipobisha kila mlango wa mtaa wetu. Wengine waliandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaliosha kwa marashi na kulinywa. Bibi alikuwa na sarafu ya shaba. Ilikuwa nene kama kifungo cha koti, ina Kiarabu pande zote mbili, na babu yake aliipata kwa baharia wa Kihindi. Bibi hakuweza kuyasoma maandishi yale yaliyosongamana. Alijua tu kuwa ni maneno matukufu. Aliitumbukiza katika bilauri ya maji, akasoma Fatiha, akatunywesha. Majirani nao wakaleta watoto wao.

Siku moja Ami Salim, mwanawe aliyekuwa akisomea historia, aliigeuza sarafu mwangani akacheka. Akasema hii si aya, ni pesa ya Wabahmani, masultani wa Dekani huko Bara Hindi, na jina lililoandikwa hapa ni la Mahmud Shah.

"Mama, umetunywesha mfalme."

Bibi hakucheka. Kumwomba kiumbe badala ya Muumba ni dhambi aliyoiogopa kuliko mauti, na sasa alijiona ameieneza mtaa mzima. Mchana hakula. Alasiri akavaa buibui, akanishika mkono hadi kwa Mwalimu Zuhura wa madrasa yetu.

Mwalimu aliisogeza sarafu dirishani, akausoma polepole upande ambao Ami hakujali kuusoma.

"Tulia, Bi Mkubwa. Hapa sultani huyu anajiita mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu, Mwenye nguvu, Mkwasi. Majina ya Mola wako yamo humu."

Bibi alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Kumbe naye alikuwa akiomba kama sisi."

"Akiomba. Lakini maji yako, Bi Mkubwa, yachemshe kwanza."

Njia nzima Bibi alicheka peke yake.

Baadaye nilisoma habari za Mahmud. Alitawazwa angali mtoto, mawaziri wakamtawala yeye, na magavana wakajimegea nchi hata ufalme ukawa vipande vitano. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Labda ndiyo maana shaba yake ilimtaja Mwingine. Leo mwanangu akishikwa na homa nampeleka hospitali, na sarafu hubaki kabatini, kavu. Ila daktari akishasema homa imeshuka, narudi nyumbani, naishika, naigeuza upande ule aliousoma Mwalimu Zuhura.