Jogoo wa Bi Tausi

Mwanangu, siku ile naikumbuka hata leo, maana niliaibika vibaya mno. Tulikuwa kwenye matanga ya mama yangu mkubwa, hapahapa Mabwerebwere.

Mama yangu alikuwa na dukuduku moja maishani. Babu yake alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya vita vyao, hakurudi, na kaburi lake hakuna aliyelijua. Mama alitaka alifagie kabla macho hayajamwishia. Nami, msichana niliyetoka masomoni, kiburi hadi utosini, nikamwahidi nitalipata kwenye makaratasi. Nikazunguka ofisi zote, Kilosa hadi Morogoro, nikarudi mikono mitupu.

Basi pale matangani, Bi Tausi, mtani wa ukoo wetu, akavaa viatu vya marehemu akaanza kelele: "Ukoo wa walafi ninyi! Babu yenu tulimzika sisi kule Ruhembe, amekumbatia sufuria ya uji!"

Watu wakacheka. Mimi nikawaka, nikamshika mkono nikamtoa nje. Loo! Kumtoa mtani matangani!

Mjomba akaniita pembeni. "Kusoma umesoma, kusikiliza hujui. Mtani ndiye anayetuzika. Si amekutajia kaburi sasa hivi?"

Ndipo lile neno Ruhembe liliponiingia. Majuto ni mjukuu, lakini yangu yalikuja palepale.

Kesho yake nikampelekea Bi Tausi jogoo, maana mtani haombwi radhi kwa maneno matupu. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo. Yeye akamgeuzageuza jogoo. "Huyu naye kasoma? Mbona amekonda hivi!" Nikacheka, akacheka, yakaisha.

Akatupeleka mimi na mama hadi Ruhembe, pembeni mwa miwa. Mawe manne, yaliyopangwa na babu yake mwenyewe, aliyebeba mizigo pamoja na wetu. Mama akafagia, akalia, kisha akapiga vigelegele hadi wakata miwa wakasimamisha kazi. Bi Tausi akajilaza juu ya kaburi: "Sitoki mpaka mnipe uji!" Sijawahi kumwona mama akicheka vile, mwanangu. Nilifurahi mpaka nikalia.

Nawe unayetafuta ukoo wako kwenye simu, tafuta, sikukatazi. Aulizaye njia hapotei. Ila usimnunie anayekutania. Huenda babu yake ndiye aliyemfukia wako. Mungu akupe masikio mapana na ulimi mfupi, akujalie watani wa kukucheka ungali hai na kukulaza vizuri siku yako ikifika.

Haya, mjukuu wa Bi Tausi yuko mlangoni anakuita mlafi. Kampikie uji.