Chungu Kwenye Kiti cha Mbele

Kutoka Kyela hadi Njombe nilisafiri nyuma ya lori, juu ya magodoro, kwa sababu kiti changu cha mbele kilikaliwa na chungu chenye ua, kimefungwa mkanda.

Nilikuwa nimehamishwa kikazi. Mke wangu na watoto walitangulia. Mimi nikabaki kupakia vyombo na mimea kumi na miwili ya sebuleni na barazani. Kumi na mmoja ningeweza kuipata popote. Uliobaki ulikuwa wa mama: majani mapana kama ya magimbi, mekundu katikati, kijani pembeni. Aliuotesha mbele ya nyumba yake Katumba Songwe, mpaka mto ulipohama na kuanza kumega uwanja. Kabla haujafika mlangoni aling'oa kiazi kimoja cha ua lile, akanikabidhi, akahamia Busale kwa dada yangu.

"Hicho ndicho kiwanja changu kilichobaki," alisema. "Usikipoteze."

Vyungu vyangu vyote ni vya Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, vyenye kitako cha mviringo, haviketi vyenyewe. Kwa hiyo nilikwenda Matema siku ya soko kuuliza namna ya kuvisafirisha, kwa mama mmoja mfinyanzi ambaye vyungu vyake hufika Mbeya bila ufa.

"Chungu kinasafiri mdomo chini," aliniambia.

"Changu kina ua, mama."

"Basi umekiharibia safari." Akacheka, halafu akanionyesha kusokota ngata ya majani makavu ya mgomba, nene kuliko ya kichwani, na kukiketisha kila chungu kwenye yake. "Kikitaka kucheza, kicheze hapo hapo."

"Ndaga fijo," nikamshukuru.

Asubuhi ya kuondoka nilimwagilia kila mmea mpaka maji yakachuruzika. Nimekulia kwenye mpunga. Kwetu kitu ukikipenda unakitosheleza maji. Ua la mama nililiweka mbele, maana nyuma upepo ungeyachana majani yake. Dereva alinitazama nikifunga mkanda.

"Kaka, huyu mchumba anakula?"

"Anakunywa tu."

"Ana nafuu kuliko wangu."

Tukuyu tulipita kwenye mvua, Uyole kwenye baridi. Dereva aliacha dirisha wazi ili asisinzie. Njombe tulishusha vyungu kumi na viwili, hata kimoja hakikuwa na ufa, nami nilijisifu mbele ya mke wangu kuliko ilivyostahili.

Wiki mbili baadaye ua la mama lilikuwa limeangusha majani yote. Nikampigia simu.

"Umeliweka kwenye nini?"

"Chungu, mama. Cha Wakisi, kizuri."

"Unamwagilia?"

"Kila siku."

"Mwanangu, hapa nyumbani maji ya kunywa tunayapoza kwenye nini?"

Maji yetu hupoa kwenye mtungi wa udongo, kwa sababu udongo uliolowa hutoa jasho, na jasho likipigwa na upepo huleta ubaridi. Kyela joto lilikuwa linasamehe. Mimi nilikuwa nimelowesha udongo, nikaupitisha kwenye upepo wa milimani, kisha nikaendelea kuulowesha kwenye baridi ya Juni, Njombe.

"Umekipoza kiazi changu kama maji ya wageni," alisema. "Kifukue."

Nilikifukua huku simu ikiwa sikioni. Upande mmoja ulikuwa laini na unanuka. Akaniagiza nikate mpaka penye nyama nyeupe, nipake majivu, nikifukie kwenye udongo mkavu ndani ya kopo la plastiki, jikoni, na nisikiguse kwa maji mpaka kiamke chenyewe. Nilifuata kila hatua. Kazi hiyo niliifanya vizuri, na nasema hivyo bila wasiwasi.

Sasa ni Septemba. Kila Jumapili akitoka kanisani mama hupiga simu. "Kimeamka?" Bado. Jana nilipekua udongo kwa kidole: nusu iliyobaki ni ngumu, haina harufu ya kuoza, wala haina chipukizi. Mama ameshakata tiketi ya basi kuja kukiona mwenyewe, anafika Alhamisi.