Namba ya Marehemu

Fundi wa mitambo wa mgodi mmoja wa Salamabila, huko Kongo, hachomeki waya kabla hajaifuta ncha yake mara tatu kwenye shati, pale palipokwisha kuwa peusi kama chungu. Ndipo hukohoa, hufungua kompyuta, na kuviita visanduku vinavyoongoza pampu, kila kimoja kwa anwani yake ya namba. Kavira, msimamizi wa pampu, alikuwa ameuchoka mchezo huo. Wiki nzima pampu ya shimo la pili ilikuwa ikizimika ovyo, maji yanawafika wachimbaji magotini, na huyu anafuta waya!

"Papa, watu wanazama!"

"Mama Kavira, tulia. Mashini haipendi makelele."

Kavira akaondoka kwa hasira, akakagua visanduku vyote kimoja kimoja. Penye shimo la tano akakuta kisanduku cha zamani, kile kilichoharibika shimo la pili kikabadilishwa, bado kimeandikwa namba ileile ya shimo la pili, kwa mwandiko wa fundi. Akamwita fundi.

"Hii si ilikufa?"

"Ilikufa. Ile mupya nikaipatia jina yake, sawa mujukuu na babu. Kisha nikatengeneza muzee, akapona."

"Na ukamurudisha kazini na jina ileile? Sasa wakiitwa, nani ataitika?"

Kavira alikuwa na matusi tayari mdomoni. Lakini fundi alishakiinamia kisanduku cha zamani, akakipa namba nyingine, kisha akaifuta ile ya kwanza kwa shati lake, mara tatu, akinong'ona:

"Samahani, muzee. Tulisha kukulilia."