Mama Mkwe Anayesoma Matairi

Zamani nilipokuwa nikinunua matairi ya mtumba, nilikuwa nikiyapiga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Likitoa sauti nene, nalichukua. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi hapa Handeni, na mpaka leo sijui nani alinidanganya kwamba mpira husema ukweli ukipigwa kofi.

Gari lenyewe ni Haisi nyeupe, kuukuu, tunayoitumia kwa harusi, misiba na kuvuna mahindi. Ukoo mzima wa mke wangu huliita "gari letu". Siku ya kulisukuma tu ndipo huwa langu.

Matairi manne ya mwisho niliyachagua kwenye lundo moja pale Chanika, hapa hapa mjini kwetu. Kashata zake, ile michongo inayoshika barabara, zilikuwa nene, na muuzaji alikuwa ameyapaka dawa mpaka yanameta. Mke wangu aliyatazama yakishafungwa, akauliza, "Mbona yanang'aa kuliko gari?"

"Ndiyo uzima huo," nikamjibu.

Wiki mbili baadaye tukaitwa harusini Kerenge, mbele ya Korogwe. Anaolewa binti wa shemeji yangu, kwa hiyo mama mkwe, bibi wa bi harusi, akakaa mbele pamoja nami. Kwetu Wazigua mkwe ni wa kuogopwa. Mama mkwe akiwa pembeni yangu mimi huendesha kama mtahiniwa, macho mbele, mdomo umefungwa, na hata redio naiomba radhi kabla ya kuiwasha. Nyuma alikaa mke wangu na mashangazi zake watatu, pamoja na masufuria mawili ya kupikia pilau ambayo kila moja lingeweza kumwogesha mtu mzima.

Hatujatoka hata Chanika, mama mkwe akagusa kiuno.

"Baba, gari lako linarukaruka. Mgongo wangu huu hautafika."

Nikasimama, nikateremka, nikapunguza upepo kwenye matairi yote manne. Niliporudi nikawatangazia abiria kwamba na jua hili ni vizuri zaidi, upepo ukiwa kidogo tairi halipasuki. Nilikuwa nimeisikia hiyo mahali, kwa mtu aliyekuwa ameisikia mahali. Gari likawa laini kama godoro. Mama mkwe akasema, "Sasa hapo umefanya jambo." Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kusifiwa na mwanamke yule. Nikakanyaga mafuta kwa furaha.

Tulikuwa katikati ya safari ya kwenda Korogwe, jua limewaka, tairi la nyuma kushoto lilipopasuka.

Mlio ulikuwa mmoja tu, paa! Shangazi mkubwa akapiga kelele kwamba tumepigwa risasi. Wa pili akaanza kutusomea shahada wote kwa zamu, akimtaja kila mtu kwa jina lake. Nyuma ya gari ikayumba kushoto, ikayumba kulia, na masufuria yakagongana kama kengele za kanisa. Mimi sikukanyaga breki. Baadaye watu walinisifu kwamba ndivyo dereva mzuri anavyofanya, na nikakubali sifa, lakini ukweli ni kwamba mguu wangu ulikuwa umeganda. Nilishika usukani tu, gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama kwenye majani.

Kisha shangazi wa tatu, ambaye alikuwa amelala tangu nyumbani, akauliza, "Tumefika?"

Tairi lilikuwa limechanika kama mkeka ulioliwa na mbuzi. "Msumari," nikasema.

Mama mkwe akaliinamia. "Msumari gani huu wenye meno?"

Nikafunga tairi la spea, ambalo nililikuta kwenye gari siku nilipolinunua na sijawahi kulitazama kwa macho mawili. Tukaondoka taratibu. Sasa aliyezungumza ni mama mkwe tu, na yeye alizungumza na Mungu.

Tulipoingia Masuguru, kabla ya Korogwe mjini, mwendo wetu ukiwa mdogo kiasi kwamba baiskeli ilitupita, spea nayo ikapasuka. Bahati yake, au yangu, ilipasukia mbele ya kibanda cha fundi pancha. Fundi, mtu wa makamo mwenye ndevu chache, aliweka kikombe chake cha chai chini bila haraka, kama mtu aliyekuwa akitusubiri.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe kwanza.

"Marahaba, baba. Tuangalizie, tunakufa."

Fundi akazunguka gari lote, akibonyeza kila tairi kwa kidole gumba. Akasimama.

"Nani alipunguza upepo?"

Mimi nikageuka kama natafuta mbuyu wa kujifichia, na mbuyu haukuwapo. Ningesemaje? Ni mkwe wangu. Mama mkwe mwenyewe akasema, "Mimi. Mgongo wangu."

"Sasa mama, tairi lenye upepo kidogo linajikunjakunja kila linapozunguka. Linachemka ndani. Na mmepakia watu na masufuria ya jeshi zima." Akanigeukia. "Na wewe, kaka, haya matairi uliyasoma?"

"Niliyapiga," nikasema.

Akanitazama kwa huruma. Akalowesha kitambaa, akasugua ubavu wa tairi la mbele, ile dawa ya kumetameta ikatoka, na chini yake zikaonekana nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Kisha akatuonyesha tarakimu nne zilizokaa ndani ya kiduara kirefu.

"Mbili za kwanza ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Ndiyo siku liliyozaliwa hiyo."

Mimi, mwalimu wa hesabu, nikasoma. Mke wangu akachungulia begani kwangu, akasoma pia, akashika kinywa. "Huo mwaka nilimzaa kifungua mimba wetu!"

Kifungua mimba wetu yuko kidato cha tatu.

"Kashata nene maana yake limekaa stoo miaka, halijatembea," fundi akasema. "Mpira unazeeka hata ukilala."

Niliona uso wa mama mkwe ukibadilika. Mama huyu ni mkulima. Hajawahi kununua pakiti ya mbegu au chupa ya dawa bila kuigeuza kutafuta tarehe, na kama haioni, anamrudishia mwenye duka mbele za watu. Kumbe kitu kilichombeba yeye, binti yake na mawifi zake kilikuwa na tarehe, na hakuna aliyemwambia. Nikakumbuka jinsi gari lilivyoyumba kushoto, na roli lililokuwa limetupita muda mfupi kabla.

Fundi akatufungia tairi moja kuukuu la kutufikisha tu, akatuelekeza duka la matairi mjini Korogwe. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa akimenya chungwa. Nikaomba matairi. Nikaonyesha ya bei nafuu.

"Hiyo ya gari ndogo," akasema. "Wewe nabeba watu wangapi?"

"Kumi hivi. Siku nyingine na mahindi."

"Basi nunua ya kubeba mzigo. Ubavu yake ngumu. Na soma kibandiko kwenye mlango ya dereva, imeandikwa saizi, imeandikwa upepo. Gari yako inakwambia, wewe hapana sikia."

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Aliyapitia matairi yale moja moja, kidole juu ya tarakimu, akinitaka nimsomee. La nne akalikataa.

"Hili lina miaka mitatu. Haya mengine ya mwaka huu. Kwa nini?"

"Mama, hiyo bado zuri kabisa."

"Kama ni zuri, lifunge kwako."

Wakatazamana. Mwenye duka akavua miwani, akaifuta, akaenda nyuma kuleta jingine. Alipotuaga alimpa mama mkwe nusu ya chungwa. Mimi sikupewa. Tulichukua matano, manne na la spea, na nikajaza upepo kama kibandiko kilivyotaka. Gari likawa linarukaruka kuliko asubuhi. Mama mkwe akashika kiuno, hakulalamika.

Kerenge tulifika alasiri, nikaha imekwisha kufungwa msikitini na pilau limepikwa kwa masufuria ya kuazima. Nilitegemea mama mkwe aombe radhi. Badala yake aliwahutubia watu uani kuhusu wiki na mwaka, na kabla hajamaliza wanaume walikuwa nje na kanzu zao, wamechuchumaa, wanasoma. Walisikika wakiitana, "Langu la mwaka gani?" "Njoo unisomee, sina miwani!"

Gari dogo lililopambwa kwa maua ya plastiki, la kumpeleka bi harusi kwa mumewe, ndilo lililokutwa na matairi makongwe kuliko yote. Mama mkwe akasimama mbele ya mlango wake.

"Mjukuu wangu haingii humu."

"Bibi, gari limekodiwa," bwana harusi akasema kwa adabu.

"Basi panda wewe. Tutakutana huko, inshallah."

Bwana harusi akalitazama tairi. Akamtazama bibi. Akavua viatu vyake vipya, akapanda Haisi.

Nikawapeleka, mama mkwe mbele pamoja nami. Bi harusi alikaa kati ya mashangazi, shela lake limenaswa kwenye mpini wa sufuria, na mumewe akakaa juu ya sufuria la pili lililogeuzwa, kwa kuwa jamaa wa harusi walikwisha kuviwahi viti vyote. Kila tulipopita kwenye shimo sufuria lilinguruma chini yake na mashangazi wakapiga vigelegele. Niliendesha polepole sana. Tulipofika, mama wa bwana harusi alitoka na ubani kutupokea, na kabla hajafika mlangoni mama mkwe alikuwa amekwisha kumshika mkono, anamwinamisha kwenye gurudumu la mbele, amwonyeshe tarakimu nne.