Uzi Juu ya Ufa

Baada ya mlima kutapika moto ng'ambo ya mpaka, ardhi ya Gisenyi ilitetemeka siku kadhaa, kisha ikapasuka. Ufa ulitoka upande wa mlima, ukakata barabara, ukapita chini ya nyumba yetu na kuelekea ziwani. Watu walikuja kuupiga picha. Ndani yake ulionekana mwamba mweusi wa moto wa zamani, na kusema kweli ulipendeza. Mimi niliuchukia ufa ule, maana ulikuwa umepanda ukuta wa chumba alimoshonea mama yangu, fundi cherehani.

Nilimsihi tuhame. Marehemu baba ndiye aliyeijenga nyumba ile kwa mawe meusi ya mlima.

"Baba yako alibebaka hizi mawe na kichwa," mama akasema. "Mi siendi fasi yoyote."

Siku hizo kila nyumba ilipima ufa kwa namna yake. Majirani walibandika karatasi juu yake, waone kama itachanika. Mama alipigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, akakaza uzi wa kushonea katikati.

"Bon, uzi ikikatika, tunatoka," akaniahidi.

Kila asubuhi kabla ya chai nilikwenda kuutazama. Ardhi ilitikisika, vikombe vikavunjika, uzi ukabaki mzima. Nikaanza kujicheka: mwoga mkubwa mimi!

Asubuhi moja mama alikwenda kununua vifungo. Sijui kwa nini, nikapitisha vidole juu ya uzi ule. Kidole kikakwama. Fundo. Mbele kidogo, fundo jingine. Yalikuwa matatu, madogo na safi, ya mkono wa fundi.

Hasira zilinipanda hadi machozi. Nikakikokota cherehani chake mpaka uani, mbali na ukuta. Alinikuta pale nikihema.

"We, unafanya nini?"

"Uzi umekatika mara tatu, mama! Mara tatu, na wewe unafunga tu!"

Alinipita, akaingia ndani kuchukua kiti chake cha kushonea. Wakati huohuo ardhi ikatikisika. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Alitoka polepole, bila kiti. Mikononi alikuwa na jiwe moja la baba.

"Nimeshika ukuta nisianguke," akasema, akilitazama. "Imetoka yenyewe."

Akaliweka juu ya cherehani, akafunga khanga yake vizuri.

"Shika upande ule," akaniambia. "Tuende."