Mmarekani Aliyetaka Ramani za Nyumba Yetu

Mpaka leo nikifungua kopo la karafuu, pua yangu hainipeleki kwenye pilau. Inanipeleka kwenye mkebe mrefu wa bati uliokuwa juu ya kabati la Babu, nyumbani kwetu Maskati, mtaa wa Khuwair ya Kusini, miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Ndani yake mlikuwa na ramani saba za nyumba ya Unguja, na Babu alizitilia karafuu ili wadudu wasizile. Nyumba yenyewe sikuwahi kuiona. Nilijua tu kwamba ilikuwa yetu, kwamba aliichora injinia mmoja wa Kimarekani enzi za babu yake Babu, na kwamba habari zake haziulizwi watu wakiwa wanakula.

Kisha akatokea Bwana Wolta.

Alikuwa Mmarekani mrefu, mwalimu wa chuo pale Maskati, na shangazi yangu Thuraya ndiye aliyemleta, maana walijuana kazini na alishamsimulia habari za zile ramani. Kosa lake la kwanza lilikuwa kusema Kiswahili. Ujanani alifundisha Tanzania bara, basi akaingia sebuleni kwetu na "Shikamoo, mzee" iliyonyooka kabisa. Babu akaitikia vizuri. Mgeni alipokwisha kuondoka, akamgeukia Shangazi.

"Kiswahili kile kakisomea nini?"

Alichokitaka Bwana Wolta, kuziona ramani zetu, kilikuwa rahisi kukieleza, kigumu kukiamini. Yule injinia alikuwa babu wa babu yake. Alianza kwa kuwabebea vyombo wapima njia za reli, akajifunza kazi mpaka akawa anajenga madaraja ya chuma. Akachora stesheni, akachora mahakama ya mji wao, na mnara wa maji ambao bado upo. Halafu daraja lake moja likaanguka na watu juu yake. Hakufungwa, lakini hakuna aliyempa kazi tena. Akapanda meli ya wafanyabiashara waliokuwa wakileta merikani, kile kitambaa walichokivaa bibi zetu, na barua yake ya mwisho kwa watu wake ilitoka Unguja. Ilisema anamjengea nyumba tajiri mmoja wa Kiarabu.

"Nyumbani kwetu hatajwi," alisema Bwana Wolta. "Nilitaka kujua aliishia vipi."

Nyinyi mngemwamini? Sisi hatukumwamini. Babu alimruhusu aje kila Alhamisi baada ya alasiri, lakini alimtolea ramani moja moja, naye akikaa karibu, kiganja chake kimekandamiza pembe ya karatasi kana kwamba upepo wa kiyoyozi ungeipeperusha. Bwana Wolta alikuja na rula na kijidaftari. Alipima kuta, akaandika. Akapima ngazi, akaandika. Kila alipoandika, Babu aliacha kuzungusha tasbihi.

"Kuta hizi nene sana, mzee," alisema siku moja. "Zingebeba ghorofa sita. Yeye kajenga mbili."

"Kwa hiyo?" Babu akauliza.

"Nashangaa tu."

Usiku Shangazi alimtetea mgeni wake, akasema mtu anatafuta wazee wake, dhambi iko wapi. Babu akamjibu polepole, "Watu wa ramani nnawajua mimi, Thuraya. Wanaanza kwa kutazama."

Maneno yale yaliniingia kuliko yalivyomwingia Shangazi. Nikaandika namba ya gari ya Bwana Wolta nyuma ya daftari langu la Kiarabu. Nikawa nakaa mlangoni kuhesabu ni mara ngapi anautupia macho ule mkebe. Msinicheke, lakini niliamini kabisa kwamba karatasi ya saba ikishaingia kwenye kijidaftari chake, nyumba nayo itakuwa yake. Jumatano moja, Babu akiwa msikitini, nilipanda kiti nikachomoa ramani niliyoipenda, ile inayoonyesha sura ya nyumba kwa mbele, nikaificha chini ya godoro langu.

Kesho yake Babu akafungua mkebe mbele ya mgeni. Alihesabu karatasi. Akahesabu tena.

"Zilikuwa saba," alisema. "Sasa sita."

Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Shangazi alisimama na birika la kahawa mkononi, hajui aliweke wapi. Bwana Wolta akamtazama Babu, akalivuta begi lake, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka juu ya zulia: kesi ya miwani, mkate wa nyama uliofungwa kwenye karatasi, mafungu ya mitihani, dawa za presha. Masikio yalikuwa yamemwiva. Mtu mzima, mwalimu, anaonyesha mpaka leso yake. Alipoanza kujipekua mifuko ya shati nilishindwa.

"Ninayo mimi," nikasema.

Nilikwenda kuileta nikijua nitachapwa. Sikuchapwa. Babu aliipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi Bwana Wolta karatasi nzima, bila ya kushika pembe. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kuomba radhi, na mgeni akaielewa. Aliitazama ile sura ya nyumba kwa muda, kisha akaigeuza.

Kule nyuma palikuwa na michoro ya penseli ambayo sisi hatukuwahi kuijali. Daraja. Daraja lile lile limechorwa mara tisa au kumi, na kila mara nguzo ile ile ya katikati imeongezwa unene.

Bwana Wolta alivua miwani. "Ndilo hilo," alisema. "Lililoanguka."

Aliipitishia kidole ile nguzo ya katikati, kutoka mchoro wa kwanza mpaka wa mwisho. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Mzee, nyumba yenu ilisimama?"

"Imesimama," Babu akasema. "Mpaka leo. Haina hata ufa. Wanakaa watu humo."

Bwana Wolta aliinamisha kichwa akashukuru, akaipiga picha ile karatasi kwa ruhusa, akanywa kahawa yake. Babu alimsindikiza mpaka kwenye gari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliporudi alipita moja kwa moja chumbani akafunga mlango, na chakula cha usiku hakukigusa. Nilidhani ni hasira juu yangu, nikalia mpaka nikalala.

Babu alishafariki, na mimi nishaanza kazi, Shangazi aliponieleza. Kabla hawajahama Unguja, walikuja nyumbani watu wawili wa serikali na tepu na daftari. Walikaribishwa, wakanywa kahawa, wakapima chumba kwa chumba, na Babu, kwa ustaarabu wake, akawashikia ncha ya tepu. Haukupita muda nyumba ikawa si yake. Alikuja Oman na mkebe wa ramani, na kwa miaka yote ile, Shangazi alisema, akiitaja nyumba aliitaja kama kitu kilichofungwa, kinachomngoja.

"Hatukuwahi kumsikia akisema kama mna watu," akaniambia. "Mtu wa kwanza kuambiwa naye alikuwa yule Mmarekani."